Saa Ndani ya Bahasha

Sirkku alinipa bahasha ya kaki,
akaandika juu yake kwa penseli: Hilkka.
"Weka humo," akasema.
Nikavua saa. Mkononi ukabaki mfinyo wa mkanda,
kama kidole cha mtu aliyeachana na pete.

Saa ile ilijua mengi: mapigo, hatua, usingizi wangu wa saa nne.
Haikujua kwamba muundi una ufa
mwembamba kama unywele.
Mimi nilijua.
Nikakimbia juu ya ufa huo wiki tisa.

Kuopio, Februari, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
ziwa limeganda hadi magari yanapita juu,
nami alfajiri, taa kipajini, misumari chini ya viatu,
majirani madirishani na kahawa zao:
"Mtazame yule. Chuma!"
Mlevi hakuna anayempigia makofi.
Mimi nilipigiwa makofi hadi mfupa ukapasuka.

Siku ya kumzika baba nilikwenda kanisani kwa mbio,
gauni jeusi limekunjwa mkobani.
Nikaimba zaburi jasho likinitiririka,
wakadhani nalia.
Nilikuwa nahesabu kilomita za kurudi.

Na usiku Pihla alipotimiza miaka kumi na miwili
nilikuwa kwenye ngazi za jengo, soksi za sufu nisisikike,
ghorofa ya saba, ya kwanza, ya saba,
nalipa deni la keki ambayo sijaionja.
Niliporudi mishumaa ilikuwa imezimwa.
Aliniwekea kipande.
Nikakitazama, nikaona dakika arobaini.

Sasa kila Jumanne tunakaa chumba cha chini, kituo cha afya,
viti sita, birika moja.
Aulis ni wa mashine za kamari. Eila ni wa chupa.
Siku ya kwanza Aulis alicheka:
"Mazoezi? Laiti Mungu angenipa mimi uraibu huo!"
Nikamweleza arosto yake:
siku moja bila mbio na mikono inatetemeka,
najifungia bafuni, nachuchumaa mara mia mbili,
bomba nimelifungua ili wasisikie pumzi.
Akaacha kucheka. Akanimiminia kahawa.
"Bomba," akasema. "Mimi nilikuwa nafungua redio."

Eila akauliza: "Mimi chupa nimeambiwa nisiiguse tena.
Wewe miguu utaiacha wapi?"
Hata Sirkku hana jibu la mkato.
Huchora kilima karatasini: hamu hupanda,
hufika kileleni, hushuka yenyewe, ukiketi.

Ukiketi! Neno dogo hilo.
Robo saa kitini, goti likirukaruka
kama kifuniko cha sufuria.
Mara ya kwanza nilimtukana.
Mara ya nne nililia,
na kilio kilikuwa cha baba,
kimechelewa miaka mitatu.

Dawa niliyoandikiwa ni mbwa.
Muru, amemzidi Pihla mwaka mmoja, nyonga mbovu.
Sharti ni hili: akisimama, nasimama.
Na Muru anajua kusimama! Kila nguzo ya taa,
kila rundo la theluji lenye habari za mbwa mwenziwe.
Mazoea yana taabu. Mwili unavuta kamba,
unataka kumburuta mzee wa watu.

Jana Pihla alifuatana nasi.
Akaanza kisa cha shuleni, kirefu, hakina kichwa wala miguu,
na kilipoisha
nikagundua nimekisikia chote.

"Tumetembea kiasi gani?" nikamuuliza.
Akainua mabega.
Nikatazama mkono: pale pa mkanda nyama imejaa tena.
Bahasha bado iko kabatini kwa Sirkku.
Rafu ya pili, upande wa kushoto. Ndiyo, najua.

Muru akanusa nguzo, akatafakari,
akaanza kuinusa upya.